Stesheni ya Legehar: Jengo la Reli la Mwaka 1929 na Treni ya Umeme ya Addis Ababa

Stesheni ya Legehar ni miongoni mwa vituo 39 vya mfumo wa treni nyepesi ya umeme ya Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia. Kituo hicho kimejengwa juu ya daraja la reli katikati ya jiji, jirani na jengo la kale lililokuwa stesheni kuu ya reli iliyoiunganisha Ethiopia na Bandari ya Jibuti. Jina Legehar limetokana na maneno ya Kifaransa "la gare", yaani stesheni, ambayo wakazi wa jiji waliyatamka kwa lafudhi ya Kiamhari hadi yakawa jina la mtaa mzima.

Mahali hapo pamekutana vizazi viwili vya usafiri wa reli. Cha kwanza kilianza mwishoni mwa karne ya 19, enzi ya injini za mvuke, na cha pili kilianza mwaka 2015, treni nyepesi ya umeme ilipozinduliwa. Historia yake inagusa mambo ambayo miji ya Afrika Mashariki nayo inayashughulikia hivi sasa, ikiwemo mahali pa kujenga stesheni, namna ya kutunza majengo ya zamani, na jinsi ya kugharamia uendeshaji wa treni baada ya sherehe za uzinduzi kumalizika.

Chimbuko la reli

Mji wa Addis Ababa ulianzishwa mwaka 1886, katika nyanda za juu zenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Kwa kuwa mji huo ulikuwa mbali na pwani, bidhaa zilizotoka au kuingia nchini zilisafirishwa kwa misafara ya ngamia na nyumbu kwa muda wa wiki kadhaa. Mwaka 1894 Mfalme Menelik II alitoa kibali cha ujenzi wa reli kwa mshauri wake Alfred Ilg, mhandisi kutoka Uswisi, aliyeshirikiana na mfanyabiashara Mfaransa Léon Chefneux.

Ujenzi ulianza Jibuti mwaka 1897, eneo hilo likiwa chini ya himaya ya Ufaransa. Mwaka 1902 reli ilifika mahali ambapo mji wa Dire Dawa ulizaliwa. Awali ilikusudiwa ipite Harar, mji wa kale wa biashara, lakini milima iliyouzunguka mji huo ilifanya gharama ziwe kubwa mno, hivyo njia ikapitishwa chini yake. Uamuzi huo wa kihandisi ulibadili ramani ya makazi: Dire Dawa ukawa mji wa karakana, maghala na wafanyakazi wa reli, na kwa miongo mingi Kifaransa kilikuwa lugha ya kazi katika karakana hizo.

Baada ya kufika Dire Dawa mradi uliishiwa fedha. Kampuni ya kwanza ilifilisika, huku Uingereza, Ufaransa na Italia zikivutana kuhusu nani awe na sauti katika reli hiyo. Mataifa hayo matatu yalitia saini makubaliano mwaka 1906, na mwaka 1908 kampuni mpya ya Ufaransa na Ethiopia ilipewa jukumu la kukamilisha kazi. Reli ilifika Addis Ababa mwaka 1917, miaka 4 baada ya kifo cha Menelik II aliyeiasisi. Njia nzima ilikuwa na urefu wa kilomita 784 na upana wa mita moja kati ya reli na reli, kipimo kilekile kilichotumika katika Reli ya Kati ya Tanzania na Reli ya Uganda iliyoanzia Mombasa.

Jengo la stesheni na Simba wa Yuda

Jengo la stesheni linaloonekana hadi leo lilizinduliwa mwaka 1929. Mbele yake ndipo inapoanzia Barabara ya Churchill, inayopanda kuelekea kaskazini hadi eneo la Ukumbi wa Jiji. Kwa mpangilio huo, msafiri aliyeshuka kwenye treni na kutoka mlangoni aliliona jiji likipanda mbele yake kwa mstari mmoja. Stesheni ilikuwa lango la taifa. Wageni wa nchi za nje waliofika kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Haile Selassie mwezi Novemba 1930 waliingia mjini kwa treni kutoka Jibuti.

Katika mwaka huohuo wa 1930 ilisimikwa mbele ya stesheni sanamu ya Simba wa Yuda, kazi ya mchongaji Mfaransa Georges Gardet. Simba huyo alikuwa nembo ya ufalme wa Ethiopia. Italia ilipoivamia nchi hiyo mwaka 1935 na kuuteka mji mkuu mwezi Mei 1936, sanamu hiyo iling'olewa na kupelekwa Roma, ambako ilisimamishwa hadharani kama nyara ya vita.

Sanamu hiyo ndiyo iliyoibua tukio linalokumbukwa katika historia ya mapambano ya watu wa Ethiopia na Eritrea. Mwaka 1938, Zerai Deress, kijana Mweritrea aliyekuwa Roma, alipiga magoti mbele ya simba huyo. Alipoamriwa kuondoka alichomoa upanga na kuwashambulia waliomzuia. Alikamatwa na kushikiliwa nchini Italia hadi alipofariki dunia mwaka 1945. Sanamu ilirejeshwa Ethiopia katika miaka ya 1960 na kusimikwa tena mbele ya stesheni. Mjadala wa kurejesha mali za kale za Afrika zilizoko Ulaya ungali unaendelea katika nchi nyingi, na Simba wa Yuda ni mfano wa mali iliyochukuliwa kwa nguvu na hatimaye kurejeshwa mahali pake.

Reli yenyewe ilibeba pia historia ya kisiasa. Mfalme Haile Selassie aliondoka nchini kwa treni kuelekea Jibuti mwanzoni mwa Mei 1936, siku chache kabla ya majeshi ya Italia kuingia mjini. Alirejea Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, baada ya Waitalia kushindwa.

Kufifia kwa reli ya zamani

Katika miaka ya 1950 injini za mvuke zilianza kubadilishwa na za dizeli. Hata hivyo, reli ilikabiliwa na ushindani mkubwa wa malori. Barabara ya kwenda Bandari ya Assab, iliyoko Eritrea, ilichukua sehemu kubwa ya mizigo ambayo hapo awali ilipitia Jibuti. Vita kati ya Ethiopia na Somalia ya mwaka 1977 hadi 1978 viliharibu madaraja na kuikata njia katika eneo la mashariki.

Baada ya Jibuti kupata uhuru mwaka 1977, reli iliwekwa chini ya shirika la pamoja la nchi mbili. Mataruma na madaraja yaliendelea kuchakaa, na ajali zikaongezeka. Vita kati ya Ethiopia na Eritrea vilivyoanza mwaka 1998 viliifanya Ethiopia itegemee tena Bandari ya Jibuti kwa karibu biashara yake yote ya nje, lakini wakati huo reli haikuwa tena na uwezo wa kuubeba mzigo huo. Malori ndiyo yaliyoubeba. Kufikia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 21, safari za treni kati ya Addis Ababa na Dire Dawa zilikuwa zimesimama. Jengo la Legehar likabaki na njia zisizo na treni, pamoja na mabehewa yaliyoegeshwa uani.

Treni nyepesi ya umeme

Wakati stesheni ya zamani ikinyamaza, jiji lilikuwa likikua kwa kasi na msongamano wa magari ukiongezeka. Serikali ya Ethiopia iliamua kujenga mfumo wa treni nyepesi ya umeme. Kazi ilifanywa na Shirika la Reli la China, CREC, kwa gharama ya takriban dola za Marekani milioni 475, na asilimia 85 ya fedha hizo ilikuwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Huduma ilianza tarehe 20 Septemba 2015 kwa njia ya kaskazini na kusini, na njia ya mashariki na magharibi ikafuata mwezi Novemba mwaka huohuo.

Treni nyepesi hutofautiana na treni ya kawaida kwa uzito, kasi na mahali inapopita. Mabehewa yake ni mepesi, huongeza na kupunguza mwendo haraka, na hivyo yanafaa kwa vituo vilivyo karibu karibu. Sakafu yake kwa sehemu kubwa iko chini, jambo linalomrahisishia mzee, mjamzito au mtu mwenye ulemavu kupanda. Treni za Addis Ababa huchukua umeme kutoka waya wa juu na zimesanifiwa kufikia kasi ya kilomita 70 kwa saa.

Mfumo una njia mbili. Njia ya mashariki na magharibi, inayotambulika kwa rangi ya kijani, huanzia Ayat na kuishia Torhailoch. Njia ya kaskazini na kusini, yenye rangi ya buluu, ilijengwa kutoka eneo la Uwanja wa Menelik II hadi Kality. Urefu wa mtandao wote ni takriban kilomita 32. Katikati ya jiji njia hizo mbili hutumia reli zilezile kwa umbali wa takriban kilomita 2.7 juu ya madaraja, na Legehar ni kituo kimojawapo katika kipande hicho, pamoja na Stadium, Mexico, Tegbared na Lideta.

Kwa sababu hiyo, abiria wa njia zote mbili hupita Legehar. Anayetoka makazi mapya ya Ayat na anayetoka viwanda vya Kality wanaweza kubadilisha treni katika vituo hivyo vya katikati bila kutoka nje. Faida hiyo ina upande wake wa pili: hitilafu moja ikitokea katika kipande cha pamoja, njia zote mbili huathirika kwa wakati mmoja.

Nauli, vipuri na uendeshaji

Wakati wa uzinduzi, nauli ilipangwa kuwa birr 2, 4 au 6 kulingana na umbali. Kiwango hicho kiliwekwa chini kwa makusudi ili mfanyakazi wa kipato kidogo aweze kusafiri kila siku. Wananchi waliitikia, na treni zilijaa tangu siku za mwanzo. Lakini mapato ya nauli hayakutosha kulipia umeme, mishahara, matengenezo na marejesho ya mkopo, hivyo mfumo ukategemea ruzuku ya Serikali.

Katika miaka ya mwanzo, uendeshaji ulifanywa kwa ushirikiano na kampuni ya Shenzhen Metro ya China, huku wataalamu wa Ethiopia wakifundishwa kazi. Tatizo lililojitokeza baadaye lilihusu vipuri. Treni 41 zilizonunuliwa ni za mtengenezaji mmoja, na vipuri vyake huagizwa nje kwa fedha za kigeni. Nchi ilipokabiliwa na uhaba wa fedha hizo, treni zilizoharibika hazikutengenezwa kwa wakati. Nyingine zilifunguliwa na sehemu zake kutumika katika treni zilizokuwa bado nzima. Mwaka hadi mwaka idadi ya treni zinazofanya kazi ilipungua hadi kuwa sehemu ndogo ya zile zilizonunuliwa.

Kwa abiria, matokeo yake yalikuwa muda mrefu wa kusubiri kituoni na msongamano ndani ya mabehewa. Reli, madaraja na waya za umeme vilikuwepo, lakini treni zilikuwa chache. Hali hiyo imewafanya wachambuzi wa usafiri wautaje mradi wa Addis Ababa kila mara panapojadiliwa reli za mijini barani Afrika, kwa mafanikio yake ya kujengwa kwa muda mfupi na pia kwa ugumu wa kuuendesha.

Jambo jingine linalohusu usalama wa wananchi ni namna reli ilivyopita mitaani. Katika sehemu ambazo haikuwekwa juu ya daraja, iliwekwa katikati ya barabara kuu na kuzungushiwa uzio. Watembea kwa miguu waliokuwa wakivuka barabara sehemu yoyote walilazimika kutembea umbali mrefu kutafuta kivuko, na mitaa iliyokuwa kitu kimoja ikatenganishwa. Kituo cha juu kama Legehar hakina tatizo hilo, kwani maisha ya mtaa yanaendelea chini ya daraja, ingawa abiria hupaswa kupanda ngazi.

Reli mpya ya Jibuti na stesheni za pembezoni

Tarehe 5 Oktoba 2016 Ethiopia ilizindua reli mpya ya umeme kwenda Jibuti, yenye urefu wa takriban kilomita 750 na upana wa kiwango cha kimataifa. Reli hiyo ilijengwa na kampuni za China, na huduma za kibiashara zilianza rasmi Januari 2018. Tofauti na ile ya zamani, haifiki Legehar. Stesheni yake ya abiria ya Addis Ababa iko Furi-Lebu, pembezoni mwa jiji upande wa kusini magharibi.

Uamuzi wa kuweka stesheni pembezoni una sababu zake. Ardhi ni nafuu zaidi, nyumba chache hubomolewa, na treni ndefu za mizigo haziingii katikati ya jiji. Gharama yake humwangukia abiria, ambaye hulazimika kutafuta usafiri mwingine wa kumfikisha mjini. Treni nyepesi haikufikishwa Furi-Lebu, hivyo abiria anayeshuka hapo kutoka Dire Dawa humalizia safari yake kwa basi au teksi.

Miji ya Afrika Mashariki imechukua njia tofauti katika jambo hili. Jijini Nairobi, treni ya Madaraka Express iliyoanza mwaka 2017 huishia Syokimau, nje ya katikati ya jiji, na abiria huunganishwa kwa treni nyingine hadi Stesheni Kuu ya zamani. Jijini Dar es Salaam, Stesheni ya Magufuli ya reli ya kiwango cha kimataifa, SGR, ilijengwa katikati ya jiji, karibu na stesheni ya zamani ya Reli ya Kati, ambayo ndiyo kituo cha treni ya mjini iliyoanzishwa mwezi Oktoba 2012. Safari za abiria za SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza mwezi Juni 2024. Kwa mpangilio huo, jengo la zamani na jipya la Dar es Salaam yanahudumia abiria katika eneo moja, jambo ambalo Addis Ababa ililipoteza pale treni za masafa marefu zilipohamishiwa pembezoni.

Mustakabali wa eneo la Legehar

Ardhi iliyoachwa na reli ya zamani katikati ya jiji ina thamani kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2018 Waziri Mkuu Abiy Ahmed alizindua mradi mkubwa wa kuendeleza eneo la Legehar kwa ushirikiano na kampuni ya Eagle Hills ya Abu Dhabi. Mradi huo ulihusisha nyumba za makazi, hoteli na maeneo ya biashara. Wakazi waliokuwa wakiishi katika eneo hilo waliahidiwa makazi mapya jirani badala ya kuhamishiwa mbali na jiji.

Kwa jengo la mwaka 1929 hali hiyo ni fursa na ni hatari pia. Jengo la kale lililozungukwa na shughuli nyingi hupata watu wa kulitumia na fedha za kulitunza. Lakini stesheni ni zaidi ya ukuta wa mbele. Majukwaa, reli za upana wa mita moja, mabehewa, karakana na kumbukumbu za maandishi ni sehemu ya ushahidi huohuo wa kihistoria. Vitu hivyo vikiondolewa, jengo hubaki zuri kwa picha lakini haliwezi tena kueleza treni ilivyofanya kazi. Kenya ilianzisha Makumbusho ya Reli jijini Nairobi mwaka 1971, na injini za mvuke zilizohifadhiwa hapo zinaonyesha namna ambavyo mali chakavu za reli zinaweza kuwa elimu kwa kizazi ambacho hakikuziona zikitembea.

Umuhimu kwa wananchi wa Afrika Mashariki

Addis Ababa ni makao makuu ya Umoja wa Afrika, na ni jiji ambalo viongozi, watumishi wa umma, wanafunzi na wafanyabiashara wa ukanda huu hulitembelea mara kwa mara. Ndani ya makao hayo lipo jengo la amani na usalama lililopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, na mwaka 2022 Umoja huo ulikipitisha Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi. Uzoefu wa jiji hilo katika usafiri wa reli ni wa jirani, na matokeo yake yanaweza kupimwa kwa macho.

Uzoefu huo unaonyesha kuwa ujenzi wa reli ya mjini unaweza kukamilika katika miaka michache fedha zikipatikana, lakini uendeshaji wake ni kazi ya miongo. Bajeti ya vipuri, karakana yenye mafundi wa ndani na utaratibu wa nauli na ruzuku unaoeleweka ni mambo yanayopaswa kuwekwa katika mkataba tangu mwanzo, kwa uzito uleule unaopewa madaraja na mabehewa. Kwa mwananchi, kipimo cha mradi ni muda anaosubiri kituoni asubuhi anapokwenda kazini.

Historia ya Legehar inaonyesha pia kwamba matatizo hayo si mapya. Kampuni ya kwanza ya reli ya Jibuti ilifilisika kabla ya kufika mwisho wa njia, na reli iliyokamilika mwaka 1917 ilidumu kwa takriban miaka 90 kabla ya matengenezo duni, vita na ushindani wa malori kuisimamisha. Abiria wanaosubiri treni leo katika kituo cha juu cha Legehar wana jengo la reli hiyo jirani nao.